Mwambie Daktari Vidonge Viko Wapi

Mtawanya, Kibiti

Mpwa wangu,

Nyumbani hawajambo. Mama yako goti limepoa, mpunga wa bondeni umevunwa kabla ndege hawajaumaliza, na mdogo wako amechaguliwa kidato cha tano. Lililomfanya mjomba wako ashike kalamu ni habari aliyokuja nayo mtu wa Mbagala: kwamba vidonge ulivyopewa kliniki vimejaa mfukoni chini ya godoro, na kila mwezi daktari akikuuliza hali unajibu, "Sijambo, dawa natumia."

Kama ni uzushi, umsamehe aliyeuleta. Kama ni kweli, soma mpaka mwisho.

Mjomba wako alifanya kazi zahanati za Delta ya Rufiji miaka mingi, sanduku la dawa likiwa mtumbwini, na hakuna kijiji cha huko kilichowahi kumwambia kwamba kazi haijui. Basi na asikilizwe kwa hili. Mgonjwa wa malaria anaweza kukaa kimya, tone la damu ya kidoleni likamsemea. Maradhi ya akili hayana tone hilo. Hakuna darubini inayomwonesha daktari kuwa sauti zimepungua au usingizi umerudi. Yeye hupima kwa macho, kwa maneno ya mgonjwa na ya ndugu zake. Ukimwambia unameza na humezi, naye anaona hali ni ileile, ataongeza dozi au atabadilisha dawa, maana ndiyo kazi yake. Siku ndugu wakikusimamia ukameza zote, mwili utapokea kiasi kilichopangwa juu ya uongo.

Mjomba wako hadhani umeacha kwa ukaidi. Watu huacha kwa sababu dawa zinawatesa.

Palikuwa na fundi wa mitumbwi upande wa Salale. Alirudi kutoka hospitali na haloperidoli, vidonge vidogo tu, na jioni ya siku ya tatu shingo ikampinda, taya likakaza, macho yakageukia juu yasishuke. Wazee wakasema shetani amerudi kwa hasira. Ngoma ikapigwa usiku kucha. Mtu wa zahanati aliitwa alfajiri, na swali lake la kwanza lilikuwa: anameza nini? Mke akaleta bahasha ya kaki. Dawa ile inajulikana kwa jambo hilo, hasa siku za mwanzo na hasa kwa vijana wa kiume, na ipo dawa nyingine ya kulegeza mkazo, benzeksoli, ambayo wengi wanaiita Artane. Wakangoja maji yajae, wakamvusha kwa mtumbwi hadi hospitali, akachomwa sindano ya kulegeza, na kabla ya adhuhuri fundi aliomba uji.

Lakini kliniki iliyofuata hakulisema. Aliogopa kuonekana msumbufu, alazwe tena. Akasema hana neno, akapewa dawa ileile, akaitupa mtoni, na kaskazi ilipoingia ugonjwa ulimrudia vibaya kuliko mwanzo. Daktari angeweza kupunguza dozi, kumwongezea Artane au kumhamishia dawa nyingine. Hakuambiwa. Wapo wa ukoo wetu wanaosema hadi leo kwamba fundi yule aliponzwa na hospitali.

Kuacha dawa ni jambo kongwe kama dawa zenyewe. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alitangaza kuwa lithiamu, aina ya chumvi, humtuliza mtu aliyepandwa na wazimu. Mgonjwa wake wa kwanza, mwanamume wa miaka 51, alipata nafuu hadi akarudi kazini. Akaacha dawa. Haikupita miezi mingi akarudishwa wodini. Akaanzishiwa tena, safari hii lithiamu ikamzidi mwilini, na mwaka 1950 akafariki. Ndiyo maana anayetumia lithiamu leo hupimwa damu, na hata damu hiyo huonesha kiasi cha dawa tu, haisemi mtu amelalaje.

Na milima ya Mahenge, ambayo maji yake huteremka mpaka kwetu Rufiji, nayo ina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyekuja kuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Kanada, alianzisha kliniki ya kifafa na kuwapa watu fenobabitali. Waliokuwa wametengwa na jamaa zao, wenye makovu ya moto wa jikoni, wakaanza kukaa siku nyingi bila kuanguka. Dawa hiyo ukiikatisha ghafla, kifafa huweza kurudi mfululizo, mgonjwa asizinduke katikati, na hapo ndipo watu hufa. Kupunguza kuna hatua zake, na hatua hizo anazijua daktari.

Liko jambo mjomba wako analiandika kwa sababu baba yako, Mungu amrehemu, hayupo kuliandika. Baadhi ya dawa hizi hupandisha homoni ya maziwa. Mwanamume hupungukiwa nguvu. Mwanamke hukatika hedhi, au chuchu zikatoa maziwa na hali hanyonyeshi. Kijana mwenye mchumba akiona hivyo hudhani amefanyiwa, hutupa vidonge, na hamwambii mtu. Hutibika hilo, kwa kubadili dozi au dawa, wala hakuna daktari atakayeshangaa. Ulimi ukikukwama, andika kwenye karatasi umkabidhi.

Bangi na pombe, taja. Dawa ya mganga, taja, na kichupa ukichukue. Ramadhani ikikaribia, uliza mapema dozi ya mchana inahamia wapi; mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye, usijiamulie peke yako.

Wala kusema "dawa inanichosha" hakumpeleki mtu Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, imegeuzwa tusi mitaani, na tusi hilo limefunga vinywa vya wengi. Mjomba wako aliwapokea waliotoka huko, wakalima, wakaoa.

Turudi kwenye mfuko wa chini ya godoro. Usivimeze vyote kwa pamoja kufidia siku zilizopita, wala usivitupe. Nenda navyo kliniki hata kabla ya tarehe yako, viweke mezani, useme umeacha lini na kilichokufanya uache. Dada yako atapanda gari la asubuhi aje akusindikize. Kuingia naye kwa daktari au kumwacha nje kwenye benchi, utaamua wewe. Nauli yake mjomba wako ameshaitoa.

Mama yako hajasomewa barua hii.

Mjomba wako