Goa, Pwani Iliyogeuka Muziki

Kama kwenu ni karibu na bandari au reli, huenda babu yako alimjua karani au fundi cherehani Mgoa. Leo twende kwao, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Utaona minazi, mashamba ya mpunga na makanisa meupe. Wareno waliitwaa nchi hiyo mwaka 1510, wakaondolewa na majeshi ya India mwaka 1961. Katika Basilika ya Bom Jesus umehifadhiwa mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye mwaka 1542, akiwa njiani kwenda huko, alitua Malindi.

Tangu miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani walianza kufika kijiji cha Anjuna. Usiku wa mbalamwezi walicheza dansi mchangani hata jua likachomoza. Wachezeshaji wao walitumia tepu, maana jua na vumbi huharibu santuri. Mdundo wa muziki huo hutoka katika mashine, si katika ngozi ya ngoma, nao hauchoki.

Mwingereza mmoja, Paul Oakenfold, alivutiwa na mambo hayo. Desemba 1994 redio ya BBC ilitangaza kazi yake ya saa mbili, iitwayo Goa Mix. Aliunganisha nyimbo za watu wengi, moja ikiingia katika nyingine bila kituo, akachanganya na muziki wa sinema. Hivyo watu wasiopata kuvuka bahari wakaijua Goa kwa masikio.

Lakini tujiulize: waliijua Goa ipi? Wenyeji husema Kikonkani, nao wana nyimbo zao za mando, ziimbwazo arusini kwa fidla na ngoma ya chungu iitwayo ghumot. Dansi ya Anjuna haikuzaliwa katika nyimbo hizo. Tena, kwa mvuvi aamkaye alfajiri, au mama mwenye mtoto mchanga, kelele za usiku kucha si starehe. Ndiyo maana kanuni za India za mwaka 2000 huzuia vipaza sauti vya nje tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kurudi safarini na wimbo ni zawadi njema. Basi nawe, ukienda ugenini, usisikilize wageni wenzako tu. Mwulize mwenyeji wako yeye huimba nini. Umwulize pia kama alilala vizuri.