Kilmore Quay na Kisiwa cha Ndege

Kusini-mashariki mwa Ireland, katika jimbo la Wexford, kuna kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Kilmore Quay. Nyumba zake za zamani zimepakwa chokaa nyeupe na kuezekwa kwa majani makavu. Bandarini boti za uvuvi zimejipanga, na harufu ya samaki haikosekani.

Kabla ya kupanda boti tulipita katika bustani ya kumbukumbu ya watu waliopotea baharini. Tulitembea humo kimya. Wanawake wa pwani hii wamejua tangu zamani kwamba chakula cha mezani hutoka mahali palepale panapoweza kumchukua mume au mtoto.

Kutoka kijijini hadi kisiwa cha Great Saltee ni kama kilomita 5. Hakuna gati huko, kwa hiyo mwishoni tulihamia kwenye kiboti cha mpira, tukashuka majini na viatu vikalowa. Sili walitoa vichwa kutuangalia.

Kisiwa hiki ni maarufu kwa ndege wa baharini wanaokuja kuzaa. Tuliwaona pafini, ndege wafupi wenye midomo ya rangi nyingi. Pafini hutaga yai moja tu kwa mwaka, ndani ya shimo ardhini. Baba na mama huliatamia kwa zamu, kisha wote wawili huleta samaki wembamba wa kumlisha kinda.

Lakini aliyetugusa zaidi ni gilimoti. Yeye hana hata kiota. Hutaga yai lake moja juu ya mwamba mtupu. Kinda afikishapo wiki kama tatu, kabla hajajua kuruka, hujitupa kutoka jabalini hadi baharini. Baba yake humwita kutoka chini, kisha huogelea naye na kumlisha kwa wiki nyingi. "Huyo baba angekuja kuwafundisha wa kwetu!" alisema mmoja wetu, tukacheka sote.

Juu ya kisiwa kuna kiti cha enzi cha mawe. Kilijengwa na Michael Neale, aliyekinunua kisiwa hiki mwaka 1943 na kujiita Mwana wa Mfalme wa Saltee. Akiwa mtoto wa miaka 10 alimwahidi mama yake kwamba siku moja kisiwa hiki kitakuwa chake. Alipofanikiwa, alikijenga kiti hicho kwa kumbukumbu ya mama huyo. Alifariki mwaka 1998.

Akina mama, watoto wetu hutuambia mambo makubwa wakati tunamenya viazi au kufua nguo. Tusiwacheke. Huenda neno letu moja la siku hiyo likabaki moyoni mwao miaka mingi.

Ukipata nafasi ya kwenda, nenda kati ya Mei na katikati ya Julai, kwani ifikapo Agosti pafini huwa wamekwisha kuondoka. Beba chakula na maji, maana hakuna duka. Wageni huruhusiwa kutembea mchana tu, si kulala. Washike watoto mkono karibu na majabali. Na nahodha akisema leo bahari imechafuka, msibishane naye. Rudini kijijini mkanywe chai, mngoje siku nyingine.