Mchora Kiwavi na Baba Aliyerudi Kutoka Vitani

Mume wangu aliporudi kutoka Somalia, alikokuwa katika kikosi cha kulinda amani, binti yetu mdogo alijificha nyuma ya mlango akamwita "afande". Hakukosa adabu. Baba yake aliondoka akiwa na umri wa miaka mitatu, akarudi amekwisha timiza minne, na hapa kambini kila mwenye magwanda huitwa hivyo. Mtoto hakuona sababu ya kumtofautisha huyu na wengine. Mume wangu alicheka, lakini kilikuwa kicheko cha midomo tu. Jioni ile alikaa mlangoni peke yake mpaka giza likaingia, wala hakutaka taa iwashwe.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mnayafahamu mambo haya kuliko niwezavyo kuyaandika. Tangu Uganda ilipoanza kupeleka askari Somalia mwaka 2007, nyumba nyingi zimeyaona. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyeishi mbali sana nasi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora vitabu vya watoto wasiojua bado kusoma. Nawasimulia kwa kuwa maisha yake yalinifunza jambo ambalo cheti changu cha ualimu hakikunifunza.

Mtu huyo ni Eric Carle. Alizaliwa tarehe 25 Juni 1929 katika mji wa Syracuse, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Alipoanza shule alipewa karatasi kubwa, rangi zenye kung'aa na brashi pana, naye akapaka rangi kwa furaha. Nyumbani nako alikuwa na mwalimu mwingine, yaani baba yake. Baba huyo alipenda kumshika mkono na kwenda naye matembezi mashambani na msituni. Huko aligeuza jiwe au kubandua gome la mti, akamwonyesha mwanawe wadudu waliojificha chini yake, akamweleza namna kila mmoja anavyoishi. Kisha alikirudisha kiumbe kile mahali pake kwa uangalifu, kama mtu amlazaye mtoto kitandani.

Mwaka 1935, Eric akiwa na miaka 6, mama yake alizidiwa na hamu ya kwao, na familia ikarejea Ujerumani katika mji wa Stuttgart. Wakati huo Hitler alikuwa ametawala kwa miaka miwili. Katika shule mpya mtoto alipewa karatasi ndogo, penseli ngumu na rula, akaonywa asikosee. Fimbo nayo aliionja mapema. Alipotambua kwamba hawatarudi Marekani, alijiwekea nia ya kuwa mjenzi wa madaraja, ili siku moja ajenge daraja la kuvuka bahari kutoka Ujerumani mpaka kule alikozaliwa.

Nilipofika hapo katika habari zake, nilijikumbuka mwenyewe, na sikupendezwa na nilichokikumbuka. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kabla sijahamishiwa ofisini, nilimkuta mvulana mmoja, mtoto wa askari polisi, amechora korongo katika daftari la hesabu. Korongo yule alikuwa amechorwa vizuri mno, hata manyoya ya utosini yalionekana moja moja. Nikaichana karatasi ile mbele ya darasa zima. Mvulana hakulia, lakini muhula ule wote hakuchora tena. Nilijiona nimetimiza wajibu wangu.

Turudi Ujerumani. Vita vilipoanza mwaka 1939, baba yake Eric aliitwa jeshini. Mtoto alikuwa na miaka 10, na matembezi ya msituni yakakoma. Katika miaka ile ya vita alikuwako mwalimu wa sanaa aliyeitwa Krauss. Serikali ya wakati huo ilikuwa imepiga marufuku kazi za wachoraji wengi wa kisasa, ikiziita sanaa iliyooza, na mwenye kuzionyesha alijitia hatarini. Krauss alimkaribisha Eric nyumbani kwake, akamwonyesha kwa siri nakala za picha zile. Miongoni mwake ilikuwamo picha ya Franz Marc ya farasi wa rangi ya buluu. Mtoto alishangaa, maana hakuwahi kujua kwamba farasi anaweza kuwa wa buluu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2011, alitoa kitabu cha watoto juu ya mchoraji aliyepaka farasi rangi ya buluu, kwa heshima ya Marc.

Alipofika miaka 15, Eric naye alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kwenda kuchimba mahandaki katika ngome za mpaka wa magharibi. Huko aliona watu wakiuawa karibu naye. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini baba hakurudi, kwa kuwa alikuwa mateka mikononi mwa Warusi. Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1947, akafika nyumbani akiwa na uzito usiofika kilo 40. Yule aliyekuwa akigeuza mawe na kusimulia habari za wadudu alikuwa amevunjika mwili na roho. Eric alikuwa kijana wa miaka 18. Miaka minane ilikuwa imepita baina yao, na miaka ya namna hiyo hairudishwi kwa hati ya likizo.

Eric alisomea sanaa Stuttgart, na mwaka 1952 akarudi New York akiwa na dola 40 tu mfukoni. Alipata kazi ya uchoraji katika gazeti la New York Times, lakini hakukaa sana kabla ya kuitwa katika jeshi la Marekani. Tazameni mambo ya dunia: kijana aliyechimbishwa mahandaki na Wajerumani sasa alivaa sare ya Marekani na kupelekwa Ujerumani, awe karani wa barua katika kikosi. Nadhani wasomaji wetu walio makarani wa vikosi wanaelewa kwamba kazi hiyo si ndogo. Barua moja huweza kumweka mtu hai.

Baada ya jeshi alirudi gazetini, kisha akafanya kazi za matangazo ya biashara kwa miaka mingi. Siku moja mwandishi Bill Martin aliona tangazo lenye picha yake ya kamba mkubwa mwekundu wa baharini, akampenda mchoraji kwa picha ile moja. Alimwomba achore kitabu chake juu ya dubu wa rangi ya kahawia. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1967. Carle alikuwa amekaribia miaka 40, na ndipo alipoipata kazi yake hasa.

Sasa nifikie kiwavi. Siku moja Carle alikuwa akichezea kitoboleo cha karatasi, chombo kile kile tunachokitumia ofisini kutobolea barua za kuweka katika majalada. Alipoyaona matundu katika karatasi zake, alifikiri juu ya mdudu alaye vitabu. Mhariri wake, Ann Beneduce, alimshauri kwamba kiwavi angefaa zaidi, na mara Carle akamwona kipepeo mwishoni mwa hadithi. Kutengeneza kitabu chenye matundu na kurasa za ukubwa mbalimbali kulikuwa na gharama kubwa Marekani, kwa hiyo kilikwenda kupigwa chapa Japani. Kilitoka mwaka 1969. Kiwavi mdogo anakula tufaha moja Jumatatu, na kila siku anaongeza hesabu na kubadili tunda. Jumamosi anajipakia vyakula vya kila aina mpaka tumbo linamwuma. Halafu anakula jani la kijani, anapata nafuu, anajifungia katika nyumba yake ndogo, na mwishowe anatoka akiwa kipepeo mwenye mabawa mapana. Kila alipokula pana tundu ambamo kidole cha mtoto huingia.

Picha zake hakuzichora kwa penseli ngumu na rula. Alipaka rangi karatasi laini nyembamba, akazikata vipande na kuvibandika, na alama za brashi hakuzificha. Kitabu cha kiwavi kimeuzwa zaidi ya nakala milioni 50 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 60. Alichora vitabu zaidi ya 70, vingi juu ya viumbe wadogo: buibui, nyenje, kimulimuli. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kwa kuandika juu ya viumbe hao alikuwa akimheshimu baba yake na kuzirudia siku zile za furaha. Mwaka 2002 yeye na mkewe Barbara walifungua jumba la makumbusho la sanaa ya vitabu vya picha katika mji wa Amherst, jimbo la Massachusetts. Alifariki tarehe 23 Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 91.

Kitabu hicho kiliingiaje nyumbani mwangu? Nilikwenda kwa kazi ya ofisi katika shule moja, nikaonyeshwa stoo. Ndani mlikuwa na sanduku la vitabu vya msaada vilivyofungiwa muda mrefu, kwa hofu kwamba watoto wangevichana. Tulikubaliana na walimu vipelekwe madarasani. Nakala moja ya kiwavi ilikuwa imekwisha liwa na mchwa pembeni, haikufaa kuandikwa katika daftari la mali, nami nikaruhusiwa kuichukua. Binti yangu alipoiona hakujua matundu yapi ni ya mchoraji na yapi ni ya mchwa.

Siku kadhaa baada ya mume wangu kurudi, nilikiacha kitabu juu ya meza, nikaenda kupika. Nilisikia sauti yake, nami nilikuwa sijaisikia ikisema maneno mengi kwa pamoja tangu arudi. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, naye hakusoma hata neno moja. Alifuata picha tu, akisimulia kwa Kiswahili, na alipokosa neno aliazima la lugha ya mama yake. Mtoto alikuwa amesimama mbali. Alipofika kwenye matundu, baba alijaribu kuingiza kidole, kikakataa kwa unene. Mtoto akasogea, akaingiza chake, akamwonyesha namna inavyofanywa.

Kesho yake asubuhi niliwakuta wote wawili wamechuchumaa katika sukuma wiki zangu nyuma ya nyumba. Walikuwa wamempata kiwavi chini ya jani, na baba anaeleza jinsi anavyotembea. Nikasema, "Baba watoto, huyo atatumalizia mboga!" Akanijibu kwamba mbele ya mtoto hawezi kumwua. Akamrudisha juu ya jani taratibu, na mboga ile tukaitoa sadaka.

Sitawadanganya kwamba kitabu kiliponya kila kitu. Mpaka leo yako majira ya usiku ambapo mume wangu huamka na kukaa mlangoni. Lakini nimelielewa jambo moja. Vita vilimnyang'anya Eric Carle baba yake kwa miaka minane na kumrudishia mtu mwingine, ila havikuweza kumnyang'anya yale matembezi ya utotoni. Dakika chache za kugeuza jiwe zilitosha kumlisha mtu kwa miaka zaidi ya 80, na watoto wa dunia nzima wakala pamoja naye.

Kwa hiyo nawaomba ninyi akina baba mnaopewa likizo fupi, na akina mama askari pia, msiseme kwamba siku tatu si kitu. Msingoje kuwa na fedha ya zawadi. Mchukueni mtoto mkamtazame siafu anavyobeba mzigo. Na ninyi walimu wenzangu, mkikuta korongo katika daftari la hesabu, sahihisheni hesabu na korongo mumwache.

Binti yangu bado humwita baba yake "afande", lakini sasa hupiga saluti kwa mkono wa kushoto, wakacheka wote wawili.