Sahihi Mbili

Tulipoalikwa Kitale mwezi wa Shaabani kuozesha binti wa jamaa zetu, hatukudhani kwamba tungerudi pwani na habari za ndege za kijeshi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na twawaomba mama zetu na dada zetu watuvumilie katika mambo ya spana na mafuta, kwani habari yenyewe haikuishia huko.

Baridi ya Kitale si ya mchezo kwa mtu wa Mombasa. Akdi ilipokwisha na pilau kuliwa, tulijitandia shuka juu ya kanzu tukaketi na wazee watatu chini ya mparachichi, Mlima Elgon ukiwa umejifunika mawingu mbele yetu. Mmoja wao alikuwa babu wa bi harusi. Wote watatu walikuwa mafundi katika Jeshi la Anga la Kenya, lile lililoanzishwa tarehe 1 Juni 1964 kwa msaada wa Waingereza, likafanya makao yake Eastleigh, Nairobi. Baadaye zilikuja ndege za kasi, Strikemaster kutoka Uingereza, na F-5 za Marekani zilizowekwa Nanyuki. Wazee wetu hawakuzitaja hizo ila kwa heshima ya mbali. Mapenzi yao yalikuwa kwa Caribou, ndege ya mizigo iliyotengenezwa Kanada, yenye pangaboi mbili na mkia ulioinuka.

"Sheikh," alisema babu, "injini moja ina silinda 14 zilizopangwa kwa mduara, safu mbili. Kila silinda ina plagi mbili. Zihesabu."

Tukahesabu: plagi 28 kwa injini, 56 kwa ndege nzima. Na zile za silinda za chini, walisema, ndizo zilizowatoa jasho, kwa sababu ndege ikilala, mafuta hushuka yakatuama chini. Ukiiwasha asubuhi kwa pupa, chuma huvunjika ndani. Hivyo kabla ya kuwasha, waliizungusha pangaboi kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Mwenzake akadakia kwamba rubani mgeni alipolalamika injini inadondosha mafuta, wao walimjibu: ikiacha kudondosha ndipo uogope, maana yamekwisha.

Tulijifunza pia habari ya ubao wa vifaa. Kila spana na kila bisibisi ilichorewa kivuli chake ukutani kwa rangi. Jioni kivuli kimoja kikiwa kitupu, haendi mtu nyumbani wala ndege hairuki, kwani kifaa kilichosahauliwa ndani ya bawa huweza kukwamisha nyaya za usukani na kuua watu angani. Usiku mmoja walitafuta bisibisi moja hadi saa tisa, wakaipata mfukoni mwa yule yule aliyekuwa akiwakemea wenzake kuliko wote. Walicheka hadi machozi. Hatukuuliza ni nani, ila mmoja wao hakucheka sana.

Kisha babu akaeleza habari ya sahihi. Fundi akigusa nyaya za usukani, haitoshi yeye kuandika kwamba kazi imekamilika. Lazima fundi wa pili aje, akague kila kiungo kwa macho na vidole kana kwamba hakuna aliyekwisha kukagua, naye aweke sahihi yake chini ya ile ya kwanza. Rubani hupanda kwa kutegemea sahihi mbili.

"Na wa pili wako alikuwa nani?" tukauliza, kwa kutaka tu mazungumzo yaendelee.

Babu alinyamaza. Wenziwe wakaangalia vikombe vyao.

Baada ya swala ya Isha alitufuata peke yake msikitini. Wa pili wake alikuwa Mbukusu wa Bungoma, Mkristo, waliyemwita Pilasi kwa kuwa hakuachana na koleo yake. Miaka mitatu familia zao zilipakana ukuta katika nyumba za askari. Jumamosi ya tarehe 31 Julai 1982 walifanya kazi pamoja hadi usiku kwenye nyaya za Caribou moja, wakatia sahihi zote mbili, wakaenda kulala. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Hatuna haja ya kuirefusha, wengi wenu mwaikumbuka sauti ile ya redio. Jaribio lilizimwa, askari wa Anga wakakamatwa kwa mamia, na jeshi lenyewe likavunjwa likaundwa upya kwa jina jingine; jina la awali halikurudi hadi 1994. Waliokamatwa walikuwemo waliokula njama, na walikuwemo waliokuwa wamelala.

Pilasi aliwaambia waliomhoji kwamba usiku ule alikuwa kazini na mwenzake, na sahihi zao zimo kitabuni. Kitabu hakikuonekana katika fujo zile. Basi babu akaletwa akaulizwa: huyu unamjua? Mlikuwa pamoja? Ilikuwa yavumishwa kizuizini kwamba kila mwenye rafiki huhesabiwa mshirika. Akajibu kwamba anamjua kwa sura tu.

"Kazi yake niliitilia sahihi miaka mitatu bila wasiwasi," alituambia. "Yeye mwenyewe nikakataa kumtilia."

Babu aliachiliwa baada ya miezi michache. Pilasi alikaa zaidi ya mwaka. Na kutoka Kitale hadi Bungoma ni safari ya asubuhi moja, ambayo babu hakuifunga kwa miaka zaidi ya 40.

Alitaka hukumu. Tulimjibu kama tulivyosomeshwa chuoni: masharti ya toba ni matatu, na dhambi ikigusa haki ya mja huongezeka la nne, kumrudishia mwenye haki au kumtaka radhi, wala haki hiyo haiulizi dini ya mwenyewe. Twaeni gari, tukasema, tutafuatana nawe.

Asubuhi tulipita Kiminini na Webuye, mahindi huku na huku, babu akiwa kimya kama anayepelekwa kupasuliwa. Tulimkuta Pilasi kitini barazani, macho yake yamekwenda kwa maradhi ya sukari. Mkewe alitupokea kwa adabu, akatuletea kuku akiwa hai pamoja na kisu tumchinje wenyewe, asije mgeni Mwislamu akala kwa shaka. Adabu hiyo twaitaja kwa makusudi, kwa kuwa mama huyo alikwisha mtambua aliyekuja nasi.

Babu alisema maneno yake akiwa amesimama. Pilasi alinyoosha mkono hewani hadi akaupata wa mwenziwe.

"Nilijua," akasema. "Waliniambia siku ile ile. Mimi nilikuwa nangoja uje, basi. Nilikusamehe kitambo." Kisha, bila kupumua, akamuuliza kama anakumbuka plagi za chini.

Tulikwisha inua mikono kuomba dua. Mama akasema kutoka mlangoni: "Yeye amesamehe lake. Langu halijaombwa."

Alieleza kwa sauti ya chini, bila kulia. Alitolewa katika nyumba akiwa na watoto wawili, mmoja yu kwenye ziwa. Alipanda gari la moshi hadi Bungoma na sanduku moja, akafikia kwa wakwe ambao hawakujua waseme nini, akauza mboga sokoni akiitwa mke wa muasi. Mumewe aliporudi, kila mtu alimpa yeye pole.

Tuliona haya. Mlango huu wa haki za waja tumeusomesha zaidi ya miaka 20, na jana yake tulimwambia babu aende kwa mtu mmoja. Hatukumhesabu mke.

"Shemeji," alisema babu, "nimekuja na kwako."

"Sikusikia ukisema hivyo ulipoingia." Akakaa kimya kidogo. "Mwambie mkeo aje. Tuliazimana chumvi miaka mitatu kupitia dirishani. Siku ile alikuwa amefunga sita yake ya Shawwali, nami ndiye niliyempelekea uji wa kufungulia, risasi zikilia. Akija yeye, nitasema."

Jioni, Kitale, babu alimweleza mkewe yote, na sisi tukiwapo kwa ombi lake. Bibi hakujua lolote. Miaka yote aliambiwa kwamba yule jirani amehama na hajulikani aliko. Alisikiliza huku akichambua mchele, na alipomaliza sinia hakumuuliza mumewe neno. Alitugeukia sisi akatuuliza kama siku ya Jumatano matatu za Bungoma hupatikana mapema.