Mizani inayopima proteini

Darasani hapa Bunia tunafundisha watoto kwamba proteini inajenga mwili, na tunaandika ubaoni: maharagi, samaki, mayai, nyama. Siku moja wakubwa wa darasa la sita walituuliza: wataalamu wanaona namna gani kitu kisichoonekana kwa macho? Kutafuta jibu kulitufikisha kwenye sufuria zetu za bugali.

Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Unapooza miguu kwa ghafula, hauponi, na unashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika kule Kwango katika 1938. Umeonekana pia Burhinyi, Kivu ya Kusini, kwa watu waliosumbuliwa na vita kama sisi. Unatoka katika muhogo mchungu usioroweshwa vya kutosha. Kule Bandundu, biashara ya muhogo wa kupeleka Kinshasa ilipopanda, watu walianza kurowesha siku 1 badala ya 3 ili wauze haraka. Hapa kwetu kinachotuharakisha ni kukimbia, na mtoto mwenye njaa hangojei siku 3.

Sumu ya muhogo ni sianidi. Mwili unaitoa katika mkojo kwa msaada wa salfa, na salfa hiyo tunaipata katika proteini tunazokula. Anayekula bugali na majani tu kila siku inamkosa. Ndipo sehemu ya sumu inageuka sianati na kujibandika juu ya proteini za mwili wake.

Profesa Désiré Tshala-Katumbay, Mkongomani mwenzetu, na watafiti wengine walitafuta alama hiyo katika miili ya panya. Proteini inakatwa vipande vidogo, mashini inapima uzito wa kila kipande, kisha programu ya ordinatere inalinganisha uzito huo na orodha ya proteini zinazojulikana. Kipande kilichoshikwa na sianati kinazidi uzito wake wa kawaida kwa 43, katika kipimo ambacho haidrojeni ni 1. Kwa sisi walimu hiyo ni hesabu ya kutoa, ya darasa la pili. Ila vipande ni maelfu na maelfu, na hakuna mtu wa kuvipitia kwa kalamu.

Tuliwaeleza watoto hivyo. Mmoja akauliza: na unga ambao mama amekwisha kununua sokoni?

Njia iko, imejaribiwa katika vijiji vya Kwango. Changanya unga na maji, utandaze mwembamba juu ya kitu safi, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha songa bugali siku hiyohiyo, na maharagi kando kama yapo. Wakati wa mvua, hesabuni saa 5.