Klampu ilisema ampea 5, mama akanunua paneli

Leo hatuleti picha za sherehe. Tunaleta kosa letu.

Sisi tuko sita kwenye kibanda cha kutengeneza vitu vya umeme hapa Base Camp, wengine tumetoka Kivu, wengine Burundi. Kazi yetu kubwa ni sola, kwa sababu huku maduka mengi yanaishi kwa sola. Mwaka jana tulipata osiloskopu ndogo, ile mashine yenye kioo inayochora umeme kama mawimbi, na pamoja nayo klampu ya ampea. Hiyo klampu ni ya bei nafuu, chini ya dola 100. Zile za maabara zinafika maelfu ya dola. Unaifungua mdomo, unabana waya mmoja, na bila kukata kitu chochote kioo kinakuonyesha ampea ngapi zinapita. Bwana, tulijiona madaktari.

Basi akaja mama mmoja anayechaji simu za watu. Alisema betri yake inaisha saa mbili za usiku na wateja wanamkimbia. Tukaenda kwake saa sita mchana, jua kali. Paneli yake ni ya wati 150, na jua kama lile ilipaswa kutoa ampea 8 hivi. Tukabana waya. Kioo kikaandika 5.4.

"Mama, paneli imechoka," tukamwambia.

Akauliza, "Watoto wangu, mna hakika?" Tukamwonyesha kioo. Nani anabishana na kioo?

Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya karo ya muhula. Alinunua paneli mpya Mbarara, akailipia na boda kuileta. Tukaifunga sisi wenyewe. Tukabana waya: 5.5.

Hakuna aliyesema neno. Halafu mmoja wetu akatoa klampu kwenye waya, akaifunga mdomo ikiwa tupu, haijashika kitu. Kioo kikaandika −2.6. Yaani klampu ilikuwa inatoa ampea 2.6 kwenye kila kipimo, hata hewani. Paneli ya zamani ilikuwa inatoa 8 zake kama kawaida. Mgonjwa alikuwa betri, tena kuipima betri hatukuhitaji hata klampu, multimita ya kawaida na taa moja vingetosha.

Tukarudi kibandani na aibu yetu, tukaamua hii klampu haitatoka tena mpaka tuijue. Ndani yake kuna chuma kinachozunguka waya, na kijisensa kidogo kinachosikia sumaku ya mkondo unaopita. Shida ni kwamba kinasikia sumaku yoyote ile. Siku moja kabla ya kwenda kwa mama tulikuwa tumeibana kwenye waya mnene wa inveta, mkondo mkubwa ukapita, na chuma kikabaki na sumaku kidogo. Kitufe cha sifuri kipo pembeni kabisa. Hatukuwa tumekigusa kwa siku nyingi.

Sasa utapimaje kipimo kama huna maabara? Tulichukua betri ya volti 12, taa ya gari ya wati 55, na rizista ya omu 0.1, ile kubwa ya wati 10 isiyoungua haraka. Vyote vikafuatana kwenye waya mmoja. Multimita tukaiweka kwenye miguu miwili ya rizista: ikisoma volti 0.45, ujue zinapita ampea 4.5, maana unagawanya tu kwa 0.1. Hapo tuko na shahidi wa pili ambaye hajui klampu inasema nini. Baada ya kubonyeza sifuri, klampu ilitupa kati ya 4.4 na 4.6. Kumbe si mbaya! Kwa kazi ya sola hiyo inatosha kabisa.

Tukaigeuza, mdomo uangalie upande wa pili wa waya. Hili ndilo tunapenda kuwafundisha wengine kwa sababu halihitaji kununua kitu. Klampu safi inatoa namba ileile, ila na alama ya kutoa mbele. Ya kwetu siku ile ya mama ingetoa 5.4 upande mmoja na −10.6 upande mwingine. Jumlisha 5.4 na 10.6 bila kujali alama, gawanya kwa mbili: 8. Dakika moja tu, na pesa ya karo ingebaki kwenye kitambaa chake.

Unaweza pia kubana waya zote mbili pamoja, wa kwenda na wa kurudi. Sumaku zao zinafutana, kwa hiyo kioo lazima kiseme sifuri. Kikisema kitu kingine, hicho ni cha klampu.

Kwenye ampea ndogo ndiyo inachanganya. Kuna swichi ya ngazi mbili: milivolti 1 kwa kila miliampea 100, au milivolti 1 kwa kila miliampea 10. Ukiwa kwenye ile ya kwanza, kelele ya milivolti 2 kwenye kioo ni sawa na miliampea 200, na taa ndogo ya LED inapotea humo. Tunahamisha swichi, au tunazungusha waya mara 10 kupita kwenye mdomo halafu tunagawanya jibu kwa 10.

Na boksi lake limeandikwa kiloheatsi 20. Tulidhani maana yake mpaka hapo iko sawa. Hapana. Kwenye 20 yenyewe tayari inakula karibu asilimia 30 ya mkondo. Chaja za simu zinakatakata umeme haraka zaidi ya hapo, kwa hiyo mchoro wa ndani ya chaja tunaouona kwa klampu hii hatuuamini hata kidogo.

Kwa mama tulirudi kesho yake, wote sita. Mkubwa wetu alimwambia wazi kwamba paneli yake ilikuwa nzima na kosa ni letu. Alinyamaza, halafu akasema, "Na karo?" Duka halikukubali kurudishiwa. Paneli mpya tuliiuzia jirani kwa bei ya chini, na pengo tunalilipa kwa zamu zetu za likelemba. Tumelipa mbili, imebaki moja. Mtoto alichelewa wiki tatu kuanza shule.

Nyinyi wa mashirika, mkileta tena vifaa, wekeni na rizista moja ya omu 0.1 ndani ya mfuko. Bei yake ni ndogo kuliko stika mnayobandika juu.

Mwenye klampu ya namna hii, Rubondo au Juru, alete Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Taa na betri viko tayari. Njoo na betri mpya ya volti 9 ya klampu yako, ya zamani inadanganya pia.