Mtoto Mzito, au Macho Mazito?

Mtoto wa askari huzoea kubadili shule kabla ya kumaliza daftari. Baba akihamishwa kutoka Bombo kwenda Mbarara, jamaa nzima humfuata, na huko mwalimu mpya hupokea mtoto asiyemjua. Akimwona hanakili sawasawa yaliyoandikwa ubaoni, humhesabu kuwa mzito wa akili. Baada ya muhula mmoja au miwili pengine mwalimu huanza kushuku jambo jingine na kumwita mama. Lakini uhamisho ukifika tena, shaka ile hubaki nyuma, na neno “mzito” ndilo linalosafiri pamoja na ripoti.

Kumbe aghalabu mtoto huyo mwenyewe hajui kwamba haoni. Aliyeuzoea ukungu tangu utotoni hudhani watu wote huuona ubao vivyo hivyo, kwa hiyo halalamiki. Hukunja uso, husogea mbele, hunakili kutoka daftari la jirani, kisha huadhibiwa kwa kuibia. Kwa asiyeona mbali, dawa ni miwani. Yako mazoezi yanayouzwa kwa ahadi ya kumwondolea mtu miwani. Mshahara wa koplo una kazi bora kuliko hiyo.

Ugonjwa unaodanganya zaidi ni jicho vivu. Jicho moja likiwa na makengeza, au likihitaji miwani yenye nguvu kuliko jingine, ubongo huchagua picha iliyo safi na kuidharau ile yenye ukungu. Kwa nje jicho laweza kuonekana zima kabisa. Mtoto hucheza mpira na kusoma kwa jicho moja, wala hapana anayetambua hadi siku jicho zuri linapofunikwa, naye akaanza kulia na kuusukuma mkono. Watoto wapatao wawili au watatu katika kila mia wana hali hiyo.

Tiba yake huanza kwa miwani. Ikiwa haikutosha, jicho zuri hufunikwa kwa plasta ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Wazazi huogopa wakidhani litafunikwa kutwa. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2003, wa watoto 189 wasiotimia miaka 7 na ambao uvivu wa jicho lao ulikuwa wa kadiri, ulionyesha kwamba saa 2 kwa siku zilifaa sawa na saa 6. Daktari ndiye apangaye saa, na pengine huchagua matone ya atropini badala ya plasta. Matokeo huwa bora kabla ya miaka 7, ingawa wako wakubwa wanaofaidika pia.

Ugumu uko nyumbani. Tiba ni ya miezi, mtoto huibandua plasta, na wenzake kambini humcheka. Mama aliye peke yake, mume akiwa kazini mbali, huchoka mapema. Polisi aliyetoka zamu ya usiku aweza kuzishika saa hizo mbili: amkalishe mtoto achore, asome, au achambue mchele. Askari anajua zamu ni nini.

Liko tatizo jingine, la macho mawili kushindwa kuelekea pamoja kwenye kitu kilicho karibu, hata maneno yakaonekana kujigawa na kichwa kikauma. Hapo mazoezi yana nafasi yake. Mwaka 2008, katika utafiti wa watoto 221 wa Marekani, wiki 12 za mazoezi chini ya mtaalamu, pamoja na ya nyumbani, ziliwaponya au kuwapa nafuu watoto wapatao 73 katika kila mia. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2019, wa watoto 311, ulionyesha kwamba mazoezi hayo hayakuzidi yale ya uongo katika kuwafanya watoto waelewe wanachosoma. Mtoto ambaye macho yake ni mazima na bado anachanganya herufi anahitaji mwalimu mvumilivu, si mazoezi ya macho.

Kampala iko Mulago, na Mbarara iko hospitali ya macho ya Ruharo. Karatasi ya kipimo yafaa ihifadhiwe pamoja na ripoti ya shule, ili mwalimu wa kituo kijacho aisome siku ya kwanza. Wala hapana haja ya kungoja mtoto aanze darasa la kwanza: asiyejua herufi hupimwa kwa picha.